Kafyu ndiyo iliyokula mtaji

Ndugu, umeuliza vipi korona iliwafukarisha watu Kenya ilhali wagonjwa hawakuwa wengi kama Ulaya. Wengi wetu tunakula tulichopata leo. Ukikosa kibarua siku mbili, sufuria haipandi jikoni, uwe mgonjwa au mzima.

Chukua Mombasa. Kafyu ilianza Machi 27, 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jirani yangu alikuwa akiuza viazi karai na mishkaki, na wateja wake hutoka baada ya magharibi. Saa zake za riziki ndizo zilizopigwa marufuku. Kwanza alikula faida, kisha mtaji, mwishowe akauza friji ya kuwekea nyama. Masharti yalipolegezwa hakuwa na cha kuanzia. Hapo ndipo umaskini ulipokaa, na naona watu hawapazungumzii vya kutosha: mtu akishauza kitendea kazi, biashara hairudi kwa sababu tu njia imefunguliwa.

Waajiriwa nao hawakusalimika. Hoteli za pwani zilifunga. Naivasha maua yalitupwa kwa kuwa soko la Uholanzi lilianguka, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Matatu ya abiria 14 ilibeba 8, nauli ikapanda.

Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua vya usafi mitaani, uliwasaidia, hilo nakubali. Lakini jirani yangu, mama wa viazi, hakuwa kijana, wala hakuna aliyemuuliza anahitaji nini. Alihitaji mafuta, viazi gunia moja na friji yake.