Barua ya mwajiri na ufunguo wa chumba: maswali ya wapangaji na wenye nyumba Arusha

Nina vyumba vya kupangisha Olmoti. Tangu ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027 uanze, chumba kikiwa wazi simu haikatiki. Dalali anasema nichukue mwenye barua ya mwajiri tu. Ni haki?

Hapana, mama. Barua ya mwajiri inakuonyesha mtu anafanya kazi wapi na tangu lini. Haisemi kama analipa kodi kwa wakati. Anayelijua hilo ni mwenye nyumba wake wa zamani. Mpigie wa zamani hasa, kwa sababu mwenye nyumba wake wa sasa anaweza kumsifia msumbufu ili amhame. Halafu tazama mji wetu: mama lishe, bodaboda, fundi, mpagazi wa mlimani, wote hawana bosi wa kuwaandikia, na wengi wao ni walipaji wazuri kuliko wenye tai. Weka masharti yako mapema, yawe yale yale kwa kila anayekuja, na wa kwanza kuyatimiza apewe chumba. Akitokea wa pili na bahasha nene kwa dalali, mwambie chumba kimeshapata mtu.

Mimi ni mpagazi, kampuni inaniita safari kwa safari. Nionyeshe nini?

Taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, kitambulisho cha taifa, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka. Sema wazi kwamba mvua za Aprili na Mei hukuachia kazi chache, kisha omba mkataba ambao malipo yake yanaangukia miezi ya wageni. Mwenye nyumba akilijua mapema hatashtuka.

Dada aliyenisaidia kazi za nyumbani kwa miaka mitatu ameondoka, na mwishoni tulikwaruzana. Sasa anatafuta chumba Sakina na anataka nimwandikie barua. Nina hasira bado.

Mwandikie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi ajira inapokoma, na mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi. Andika jina lake, kazi aliyofanya, alianza lini, aliacha lini. Ugomvi wenu wa mwisho hauhusiani na kodi ya chumba. Ukipigiwa simu, jibu uliyoyaona kwa macho yako: alifika kwa wakati, hakupoteza kitu. Mshahara wake usiutaje mpaka yeye mwenyewe akubali. Na usimpambe kwa sifa asizokuwa nazo, maana mwenye nyumba naye anategemea neno lako. Miaka mitatu ya kulea watoto wako inastahili ukurasa mmoja wa ukweli.

Nikinunua umeme wa LUKU nakatwa shilingi 1,500 kila mwezi. Ni yangu?

Ni kodi ya jengo, ni ya mwenye nyumba. Tunza risiti, mkubaliane aikate kwenye kodi yako ya chumba.

Mkataba wangu wa Moshono una miezi minne mbele, mwenye nyumba anataka kupandisha kodi sasa hivi.

Sheria iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo kiwango ni makubaliano yenu. Lakini makubaliano hayo tayari mmeyatia saini. Mjibu kwa maandishi, kwa heshima, kwamba bei mpya mtaizungumza mkataba utakapoisha, na umwombe akutajie kiasi mapema ili ujipange au utafute kwingine.