Kwa nini Gumboro inarudi bandani wakati mdondo umekoma

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa nyama Chanika. Kila kundi likitoka naosha banda kwa sabuni na kupuliza dawa, na chanjo ya Gumboro natoa siku ya 14. Mdondo umekoma, lakini Gumboro inanirudia wiki ya nne. Maabara wameniambia kirusi kina "vipande viwili na VP2 iliyobadilika". Maana yake nini?

JIBU: Marahaba. Kirusi cha mdondo kimevikwa utando wa mafuta. Sabuni ikiuyeyusha, kimekwisha. Cha Gumboro, cha jenasi Avibirnavirus, hakina utando. Ni ganda tupu la protini lenye pande 20, kipenyo nanomita 60 hivi, lililojengwa kwa protini iitwayo VP2, zilizoshikana tatutatu, mafungu 260. Sabuni haipati cha kuyeyusha. Kirusi hiki hustahimili joto la nyuzi 56 za Selsiasi kwa saa 5 na asidi ya pH 2, na banda lililokaa tupu siku 122 limewahi kuambukiza kuku wapya.

Ndani ya ganda mna RNA, yaani maandishi ya urithi ya kirusi, ya nyuzi pacha, vipande viwili. Kipande A, herufi 3,200 na ushee, hubeba maelekezo ya protini VP2, VP3, VP4 na VP5. Kipande B, herufi 2,800 hivi, hubeba VP1, kimeng'enya kinachonakili RNA bila kusahihisha makosa yake. Makosa yanayotusumbua zaidi huangukia asidi amino (vijenzi vya protini) za 206 hadi 350 za VP2, mahali panapochomoza nje na kushikwa na kingamwili; hiyo ndiyo "VP2 iliyobadilika". Aina kali kupindukia kwa kawaida huwa na asidi amino hizi: alanini nafasi ya 222, isolusini 256 na 294, na serini 299. Uliza maabara kama wameziona. Tena, kuku akiingiwa na aina mbili kwa pamoja, vipande huweza kuchanganyika, A ya hii na B ya ile. Ukali nao hautoki VP2 peke yake. Waombe wasome na VP1.

Sasa bandani. Sabuni usiiache, kazi yake ni kutoa kinyesi, maana dawa ikikutana na uchafu nguvu huishia hapo. Toa maranda yote, sugua, acha pakauke kabisa, ndipo upulize dawa ya glutaraldehaidi au fomalini kwa kipimo cha lebo, ukiwa na barakoa na glavu. Wadudu weusi wa kwenye maranda nao huhifadhi kirusi; wengi huwasahau.

Kuhusu chanjo, siku ya 14 si amri. Kingamwili za mama zikiwa bado juu huiua chanjo hai. Zikishuka mapema, kirusi cha bandani hutangulia. Pima damu ya vifaranga wachache kwa ELISA, kipimo cha maabara cha kingamwili, wiki ya kwanza, daktari wa mifugo akupangie siku na nguvu ya chanjo. Maji ya bomba yenye klorini yatie maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, kabla ya chanjo, na yanywewe yaishe ndani ya saa 2.