Maswali ya Wasomaji: Maharage Yapikwe kwa Mkaa, Gesi au Umeme?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu Tabata tuko watu sita na tunapikia gesi, isipokuwa maharage, makande na supu ya makongoro, ambavyo tunavipikia mkaa kwa sababu mtungi huisha upesi mno. Mama mkwe wangu anasema kwamba misitu inaharibiwa na wachoma mkaa huko porini, si mimi ninayenunua kopo moja dukani. Mwanangu wa sekondari naye anadai kuwa gesi hutoka ardhini kama petroli, kwa hiyo kuacha mkaa hakusaidii chochote. Nani yuko sahihi, nami nifanyeje bila kuongeza matumizi ya nyumba?
Mama wa Watoto Wanne, Dar es Salaam

JIBU: Mwanao amesema kweli kuhusu asili ya gesi, ila hitimisho lake si sahihi. Gesi ya mitungi ni propani na butani, zinazopatikana katika uchimbaji wa gesi asilia na usafishaji wa mafuta ghafi, nayo huletwa nchini kwa meli. (Wengi huidhania kuwa ndiyo gesi ya Songosongo na Mtwara, kumbe ile ni nyingine, na sehemu yake kubwa hutumika kufua umeme.) Lakini mkaa huanza kuchafua hewa muda mrefu kabla haujafika jikoni kwako. Katika tanuri la kawaida la kufukia kwa udongo, kilo moja ya mkaa huhitaji takriban kilo tano hadi kumi za kuni, kwa kuwa sehemu kubwa ya mti hupotea kama moshi na gesi, methani ikiwamo, hata kabla gunia halijashonwa. Ukijumlisha hasara hiyo na joto linalopotea kando ya sufuria kwenye jiko la kawaida, utaona kwamba ni sehemu ndogo tu ya ule mti inayoivisha maharage yako.

Kwa mama mkwe nina jibu la heshima, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Miti mingi ya miombo huchipua tena kwenye visiki ikiachwa ipumzike, na wilayani Kilosa viko vijiji vilivyotenga sehemu ya misitu yao na kuvuna mkaa kwa zamu, kitalu hiki mwaka huu na kingine mwaka ujao, ili kile kilichovunwa kipate miaka mingi ya kurudi. Mkaa wa namna hiyo siupingi. Shida ni kwamba kopo la dukani halisemi lilitoka wapi, nawe huna njia ya kutofautisha mkaa wa kitalu kilichopangwa na ule wa msitu uliofyekwa moja kwa moja. Mchoma mkaa naye huchoma kwa sababu mjini kuna mnunuzi.

Sasa tuje kwenye sufuria yenyewe, kwa sababu katika nyumba kama yako suala halisi limebaki hapo: chai, wali na mboga tayari umeshavihamisha, na vilivyobaki ni vile vinavyokaa motoni kwa saa nyingi. Hapa Dar maji yakishachemka hayapandi zaidi ya nyuzi 100, hata ukiongeza moto kiasi gani. Moto wa ziada unayageuza tu kuwa mvuke. Katika sufuria ya presha, mvuke uliofungiwa hulipandisha joto hadi karibu nyuzi 120, na ndiyo sababu maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi sana. Sufuria ya presha ya kuweka juu ya jiko la gesi inatosha kabisa kuanzia.

Ukiweza kununua ile ya umeme, ni bora zaidi. Nusu kilo ya maharage kwa kawaida haimalizi hata uniti moja ya umeme, na kwa bei ya kawaida ya majumbani, iliyo karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, unaweza kulinganisha mwenyewe na mkaa unaonunua kwa sufuria moja ya maharage. Kama mita yenu iko katika kundi la matumizi madogo, yaani wasiozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, angalieni msivuke kiwango hicho, kwani bei hupanda karibu mara tatu. Umeme wetu nao unategemea zaidi maji na gesi asilia, na bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, limeongeza sana sehemu ya maji.

Jiko la mkaa usilitupe. Mishkaki ya sikukuu haiwezi kumaliza misitu ya Morogoro, mradi tu usilitumie ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu gesi yenye sumu inayotoka kwenye mkaa (kaboni monoksidi) haina harufu na huua watu usingizini.

SWALI: Je, mkaa mbadala wa vifuu vya nazi unafaa kweli, au ni biashara tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Unafaa, ukiwa umetengenezwa vizuri. Vifuu ni taka ambazo zingeoza au kuchomwa bure, na kipande kilichoshindiliwa sawasawa huwaka polepole bila moshi mwingi. Kasoro yake ni uzito wa kuwaka mwanzoni, na vile vilivyochanganywa udongo mwingi huacha majivu tele na joto hafifu. Nunua kidogo kwanza, upikie chakula cha mara moja, kisha upime majivu yaliyobaki kabla hujachukua gunia.