Sakafu ya ghala ikititia, anza na maji

Masika yakiisha, simu za wenye maghala huanza. Awe Vingunguti, Chang'ombe au Kurasini hapa Dar es Salaam, swali ni lilelile: "Injinia, sakafu imebonyea, nimwage zege inchi ngapi?"

Usimwage kwanza. Zege la inchi nne lina uzito wa kama kilo 240 kwa kila mita ya mraba, nawe unaitwisha mzigo huo ardhi ambayo tayari imeshindwa na ule iliokuwa nao. Sakafu itapendeza kwa miezi michache, halafu itazama tena ikiwa nzito zaidi.

Jua kwanza kilichoshuka ni nini. Majengo mengi ya viwandani hapa mjini ni fremu za chuma: nguzo zina misingi yake, na zege la jamvi, yaani bamba la sakafu yenyewe, limelala peke yake juu ya kifusi kilichoshindiliwa, ingawa pengine kilishindiliwa kwa maneno tu. Hivyo ni vitu viwili, na kila kimoja kina tiba yake. Chuchumaa pale nguzo inapokutana na sakafu. Ukikuta rangi imeishia juu, na chini yake kuna ukanda wa chuma usio na rangi wenye upana wa vidole viwili, jamvi ndilo lililoshuka, nguzo haijacheza. Hapo una nafuu. Lakini ukiona nyufa zinapanda ukutani kingazingazi kwenye maungio ya tofali, na mageti yameanza kukwama, shaka iende kwenye msingi wenyewe. Mwite mhandisi aliyesajiliwa kabla hujamwita mtu yeyote mwenye mashine ya kusukumia kijazio chini ya sakafu.

Kuna kipimo ambacho wahandisi wanakitegemea hadi leo, kilichotolewa na wahandisi Skempton na MacDonald mwaka 1956 baada ya kuchambua majengo 98. Tofauti ya kushuka kati ya nguzo mbili ikifika 1/300 ya umbali wao, kuta huanza kupasuka. Ikifika 1/150, jengo lenyewe linaumia. Nguzo zikiwa mita 6 kwa 6, hiyo 1/300 ni milimita 20 tu. Kwa macho huioni. Kodi mpimaji mwenye leveli, chombo cha kupimia tofauti za kimo, achukue vipimo leo, arudie baada ya mwezi. Wakati huohuo chora alama ya penseli kwenye ncha za kila ufa na uandike tarehe pembeni.

Halafu tafuta maji. Hapa sitanii, maana kazi nyingi nilizoziona zikirudiwa zilirudiwa kwa sababu hiyo. Udongo wa Dar sehemu kubwa ni mchanga, na mchanga uliolegea maji yakipita huondoka nayo. Bomba la majitaka likipasuka chini ya ghala, chembechembe zinaingia humo kidogokidogo hadi jamvi linabaki linaning'inia juu ya uwazi. Jumamosi jioni funga bomba zote, soma mita ya maji, uisome tena alfajiri. Ikiwa imetembea, una mvujo kwenye mabomba ya maji safi.

Kinachosahaulika zaidi ni maji ya paa. Bati la mita 50 kwa 40, ikinyesha milimita 50, linakusanya lita 100,000. Zote zinashuka kwenye mabomba machache ya gata, na mengi yamefukiwa kandokando ya msingi. Mwaga ndoo ya maji yenye rangi kwenye gata, halafu kimbia ukasimame kwenye chemba ya nje. Rangi isipotokea, imebaki chini ya jengo lako. Wamiliki wengi hawapendi jibu hili, kwa sababu kufukua bomba hakuna fahari kama kuleta mashine.

Maeneo ya bonde la Msimbazi yana habari nyingine. Kifusi kilichomwagwa juu ya tope la mfinyanzi kinaweza kuendelea kushuka kwa miaka bila bomba lolote kuvuja, kwa sababu uzito unakamua maji yaliyomo kwenye tope polepole. Kuziba uwazi pale hakusaidii, kwani hakuna uwazi. Mzigo lazima upelekwe kwenye tabaka gumu kwa mipailo myembamba, yaani nguzo zinazozamishwa ardhini, na kina chake kinatoka kwenye shimo la uchunguzi, si kichwani mwa mkandarasi.

Maji yakishadhibitiwa, shika kipande cha nondo ugonge sakafu hatua kwa hatua. Penye udongo sauti ni fupi na nzito. Penye uwazi inalia kama debe. Zungushia chaki, ndipo utoboe matundu ya kusukumia kijazio, ukiwa umeshajua nyaya za umeme na mabomba yanapita wapi.

Uji wa saruji ni wa bei nafuu na unajaza vizuri, ila ni mzito na unakwenda unakotaka wenyewe. Niliwahi kusimama kwenye chemba nikautazama ukitokea kwenye bomba la choo, wakati mkandarasi huko ndani anafurahia jinsi shimo "linavyokula". Resini inayovimba ni ghali, lakini ni nyepesi, inakauka upesi, na ina nguvu ya kuinua jamvi. Kazi yenyewe inataka utulivu: mmoja ameshika bunduki ya kusukumia, mwenzake haondoi macho kwenye kipokezi cha leza kinachoonyesha kimo cha sakafu, na jamvi likianza kunyanyuka anapiga kelele "Simama!" Ukizidisha, umejitengenezea nundu, na nundu haishuki kwa kubembelezwa.

Kabla ya hapo hamisha shehena, na njia ya foko, gari la kunyanyulia mizigo, ibadilishwe. Foko ya tani tatu yenyewe ina zaidi ya tani nne, na ikibeba, karibu uzito wote unaegemea magurudumu mawili ya mbele.

Kwenye mkataba dai vipimo vya leveli vya kabla na baada, ramani ya matundu yote, na kiasi kilichosukumwa kwenye kila tundu. Na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako hadi masika yajayo yapite na mpimaji awe amerudi na leveli yake.