Ndorobo anaweza kuwa na mimba?

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mfuga nyuki, mizinga yangu iko porini huku Sikonge. Juzi ndorobo alinitua shingoni nikampiga kofi. Alipodondoka nikaona kitu cheupe kinamtoka nyuma, kama punje ya wali, kinacheza. Mwenzangu kasema huyo ana minyoo. Mimi nikasema ana mimba, halafu nikajicheka, maana inzi tunajua hutaga mayai. Nani kashinda? Na kama ni mimba kweli, mdudu anajifunzia wapi kulea?*
*– Mfuga nyuki, Tabora*

Marahaba mwanangu. Umeshinda wewe, mwenzako akununulie soda. Ila usimcheke sana, kwa sababu kosa lake nililifanya mimi tena nikiwa nalipwa mshahara.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini, Tanga, kwenye nyumba ya kulelea mbung'o. (Nyie wa bara ndorobo, sisi wa pwani mbung'o, mdudu ni huyo huyo.) Vizimba vya wavu vimepangwa juu ya sinia. Mchana nikaona funza kadondoka kwenye sinia, mnene, mweupe kama maziwa mgando, anajinyonganyonga. Nikajua uchafu umeingia, nikamsaga kwa kidole gumba. Msimamizi wetu, mzee mmoja wa Muheza, akanitazama bila kugomba. "Binti," akasema, "hiyo umeisaga kazi ya mama yake ya siku tisa."

Siku tisa, kumi hivi. Inzi wa chooni hutaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo mmoja na kwenda zake. Mbung'o hupevusha yai moja tu, na halitagi. Linaanguliwa ndani ya mfuko wa uzazi, funza anakaa humo humo, ananyonya. Ndiyo, ananyonya! Mama ana tezi ya maziwa iliyotambaa tumboni kama mizizi ya muhogo, na mfereji wake unafunguka pale pale kilipo kinywa cha mtoto. Maziwa yenyewe ni protini na mafuta, karibu nusu kwa nusu, yote yametengenezwa kwa damu ya ng'ombe, ya nyati, au ya shingo yako. Mtoto akizaliwa ana uzito sawa na wa mama, pengine kumzidi. Kwa hiyo yule uliyempiga kofi alikuwa na njaa ya watu wawili.

Ukibahatika kuona mwingine, mtazame nyuma: funza aliyekomaa ana vinundu viwili vyeusi, ndivyo anavyopumulia. Asipokuwa navyo, mimba imeharibika kabla ya wakati. Mbung'o akibanwa au akinyweshwa sumu huavya haraka sana. Tulikuwa tukikuta vijusi hivyo kwenye mitego ya kitambaa cha bluu, na nakiri vilinisikitisha, ingawa kazi yetu ilikuwa kummaliza.

Sasa swali lako la pili, ndilo lililonifanya nichague barua yako. Hajifunzi popote. Mama huchagua kivuli na udongo tifutifu, humdondosha mtoto, basi, hawaonani tena. Funza hajui kula kitu cha nje. Anajichimbia chini kwa dakika chache, ngozi yake inakauka na kuwa gamba la kahawia iliyoiva, na baada ya mwezi hivi anatoka inzi kamili asiyemjua mama yake wala shangazi. Naye akiwa jike, atalea vile vile. Kwa hiyo malezi yote yameandikwa kwenye jeni.

Na mwandiko huo umeshasomwa. Mwaka 2014 wanasayansi zaidi ya 140 walichapisha ramani ya jeni za mbung'o baada ya kazi ya miaka kumi. Waliyoyakuta kuhusu maziwa yananifurahisha mpaka leo. Kuna protini kuu 12 za maziwa, na jeni kadhaa za protini hizo zimekaa jirani, zinafanana kama watoto wa tumbo moja: jeni moja ya zamani ilinakiliwa, nakala ikanakiliwa tena. Mama anaponyonyesha, karibu nusu ya kazi yote ya jeni mwilini mwake huwa ni hiyo ya maziwa. Upande wa pili, inzi wa matunda ana jeni tatu za kutengeneza kiini cha yai, mbung'o kabakiwa na moja. Ukishakuwa na maziwa, kiini kikubwa cha nini? Hata jeni inayowasha tezi ni ya zamani. Kwa inzi wa matunda jeni ya ukoo huo hujenga misuli na moyo. Hapa imepewa kibarua kingine.

Wala mbung'o hakuanza peke yake. Yule inzi bapa anayekimbia kwenye manyoya ya mbwa wako, na wale wa popo, nao huzaa funza aliyekwisha kunyonya. Wote ni ukoo mmoja, babu yao ndiye aliyeacha kutaga.

Katika maziwa hayo mama humpa mtoto pia bakteria waitwao Wigglesworthia, wanaomtengenezea vitamini B ambazo damu haina za kutosha. Jike akiwakosa hazai. Vimelea vya malale, ugonjwa anaoueneza mbung'o, havipiti humo. Hivyo kila mbung'o huvipata kwa kunyonya damu mwenyewe.

Tatizo la malezi ya namna hii ni hesabu. Mtoto mmoja kila siku tisa, na hata akiishi sana hafiki mbali zaidi ya kumi. Ukiua asilimia 4 tu ya majike kila siku, bila kuacha, kizazi kinakwisha. Kwa udhaifu huo huo wa hesabu tulimtoa Unguja: kati ya 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8 yaliyotasishwa kwa mionzi yalimwagwa kutoka kwenye ndege, na kwa kuwa jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, wengi walipoteza nafasi yao hiyo. Kwa inzi wa chooni tungechoka.

Ukitaka kumshinda mwenzako kabisa, siku ukimpata funza mzima mweke kwenye chupa yenye udongo mkavu, umwangalie akijichimbia. Gamba likishakauka mwonyeshe. Halafu, mwanangu, kabla hazijatimia wiki mbili limwagie maji ya moto. Usiniandikie mwezi ujao kwamba umeng'atwa na wa kufuga.