Shangazi, huko mferejini kuna nini?

SWALI: Shangazi, naishi Northampton, Uingereza, na wanangu wawili. Nimesikia habari za kijiji cha Stoke Bruerne, penye mfereji. Kuna cha kuona, au ni maji na bata tu? — Mama Wawili

JIBU: Mwanangu, bata wapo, tena wana njaa isiyoisha. Anzeni kwenye malango ya maji, yako saba. Simameni karibu mashua ikiingia: lango linafungwa, maji yanaingizwa, nayo inapanda taratibu kama andazi linaloumuka. Kijana wangu aling'ang'ania hapo saa nzima, hata makumbusho, yaliyomo katika jengo la zamani la kusagia nafaka, tukayapita mbiombio.

Kisha fuateni mfereji hadi mdomo wa handaki la Blisworth, lililofunguliwa 1805, urefu karibu kilomita 2.8. Ndani hamna njia ya miguu. Zamani wanaume walilala chali, wakaisogeza mashua kwa kukanyaga kuta, huku farasi akipitishwa juu ya kilima. Nanyi pandeni huko juu. Mtaona minara ya matofali ya kupitishia hewa imesimama mashambani. Vaeni mabuti. Mimi nilikwenda na raba nyeupe, nikarudi nazo za kahawia.