Mwanangu, iombe hiyo posho ya majira ya joto

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Barua yako imefika, na nimeona umechoka. Muhula haujaisha na tayari unatakiwa kusema Juni na Julai utafanya nini. Unasema chuo chenu kinatoa posho ya dola 4,000 kwa mwalimu atakayetumia likizo kuboresha somo lake, ilhali ukifundisha darasa la majira ya joto utapata zaidi, na mkuu wa idara naye anakusihi uandike makala za utafiti, maana kwa kufundisha vizuri peke yake ajira ya kudumu huipati. Unaniuliza ushike lipi.

Iombe posho. Nilikaa miaka mingi kwenye kamati ya kusoma maombi ya aina hiyo, katika chuo nilichofundisha hesabu hapa Minnesota, kwa hiyo nayajua yanayopita na yanayorudi.

Tuanze na hela, tuimalize. Mkataba wako ni wa miezi tisa, kama wa walimu wengi wa vyuo vya Marekani. Hata kama mshahara wanakugawia kwa miezi kumi na miwili, kwenye likizo hiyo hakuna anayekulipa kwa saa zako. Posho inanunua saa hizo. Itakatwa kodi kama mshahara, kwa hiyo usiipangie matumizi kana kwamba itaingia nzima. Kama pango la nyumba halitimii bila darasa la majira ya joto, fundisha darasa, posho uiombe mwakani, wala si aibu. Ila usichukue vyote viwili. Mshika mbili moja humponyoka, na nimewaona wenzangu wengi wakifika Agosti wamefundisha, wamesahihisha, na lile somo la kuboresha liko vilevile.

Ombi linaloanguka huanza hivi: "Nitaliandaa upya somo langu lote." Kamati ikisoma hapo inajua mtu huyu atamaliza likizo akibadilisha mpangilio wa slaidi. Linalopita lina jambo moja ambalo wanafunzi wanashindwa kulielewa, na mwalimu anao ushahidi mkononi.

Wewe mwalimu wa biolojia unao. Ulinisimulia mwenyewe ulipowauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza uzito wa mti mkubwa umetoka wapi, wengi wakaandika: kwenye udongo. Na ni walewale waliokuandikia mlinganyo wa usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, bila kukosea herufi. Walijua kuuandika, hawakujua unasema nini kuhusu mti ulio nje ya dirisha.

Hapo ndipo pa kuchimba. Chukua jaribio la van Helmont, yule daktari wa Flanders ambaye maandiko yake yalichapishwa mwaka 1648. Alipanda mche wenye uzito wa pauni 5 kwenye chungu cha udongo alioukausha na kuupima, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukafika pauni 169 na kitu, udongo ukapungua kama aunsi 2 tu. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, ingawa ni yeye huyo huyo aliyechunguza gesi inayotoka makaa yakiungua, yaani kabonidioksidi! Hakuwaza kwamba gesi ile ndiyo mti unayojijengea. Wape wanafunzi namba hizo na majibu ya kuchagua, bila kuwaambia lipi ni sahihi. Kila mmoja achague jibu lake kwanza, kisha abishane na jirani yake, kisha achague tena. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kufundisha fizikia kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa usanisinuru itakufaa sana, kwa sababu kosa lenyewe lina mantiki na mtu hataliacha kwa kuambiwa tu.

Maswali kumi ya namna hiyo yakitoka kwenye likizo yako, umefanya kazi kubwa. Swali moja zuri hula siku nzima, maana majibu yasiyo sahihi unayowapa wachague lazima yawe makosa ambayo wanafunzi hufanya kweli. Kwa hiyo karatasi za mtihani wa Mei usizitupe. Toa majina, zipige skani, ziweke.

Utaulizwa kama kuna faida. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu vyuoni: kwenye madarasa ya mihadhara mitupu wastani wa waliofeli ulikuwa karibu asilimia 34, na pale wanafunzi waliposhirikishwa ulikuwa karibu 22. Hiyo iweke kwenye ombi. Utafiti mwingine ni wa kukulinda wewe. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia walioshughulishwa darasani walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walidhani wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Wewe huna ajira ya kudumu bado, na tathmini za wanafunzi zinasomwa. Basi waeleze siku ya kwanza kwa nini unafundisha hivi, omba mwenzako mzoefu akae nyuma ya darasa aandike alichoona, na mkuu wa idara akupe kwa maandishi kazi hii itahesabiwaje kwenye faili lako.

Mkuu wako hajakosea kuhusu makala. Gawa likizo: Juni ya somo, Julai ya utafiti, na Julai ikifika funga faili la maswali hata kama moja halijakaa sawa.

Jambo la mwisho, nalo nalitilia mkazo: usiombe peke yako. Carl Wieman, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2001, alipoanzisha miradi ya kuboresha ufundishaji wa sayansi Colorado na British Columbia, fedha alizielekeza kwa idara nzima na kuajiri wataalamu wa kukaa na walimu ndani ya idara hizo. Somo lililoboreshwa na mtu mmoja huondoka naye. Yule mwenzako anayesimamia maabara mwombe muandike pamoja, hata kama posho mtagawana. Maabara yake ikiuliza swali lile lile la darasani kwako, wiki ile ile, wanafunzi watalikuta mara mbili.

Nitumie rasimu kabla hujaipeleka, ukurasa mmoja na nusu unatosha. Mama yako anakusalimu na anataka kujua Agosti utakuja lini, mpigie.

Baba yako